Simu yako na reli ya baba yako

Swali la leo limetoka kwa kijana wa Ifakara:

"Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 27 na ni wakala wa pesa za simu. Kila jioni mimi na baba tunabishana jambo lilelile. Mimi nasema hakuna kizazi kilichoona mabadiliko makubwa kama chetu: simu janja, pesa mtandaoni, na sasa akili mnemba. Baba, aliyezaliwa 1961, anasema sisi tumebadilishiwa vifaa tu. Mabadiliko ya kweli, anasema, waliyaona wao: reli ya TAZARA, Operesheni Vijiji, Vita vya Kagera. Mama akitusikia anacheka, anasema hata bibi yake alikuwa akisema hivyohivyo. Je, kuna namna ya kupima, au ndiyo kila mwamba ngoma huvutia kwake?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na mama yako, maana kicheko chake kina hoja ambayo nyinyi wawili mmeiruka.

Chukua kalamu upige hesabu ndogo. Ujenzi wa TAZARA ulianza 1970, reli ikakabidhiwa 1976. Baba yako alikuwa na miaka 9 ulipoanza na 15 ulipokwisha. Operesheni Vijiji ilipamba moto kati ya 1973 na 1976. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimkuta akiwa na miaka 17, 18. Sasa njoo kwako. M-Pesa iliingia Tanzania 2008, ukiwa na miaka 10. Simu janja zimekukuta sekondari, na hii akili mnemba inayojibu maswali imeanza kuvuma mwishoni mwa 2022, ukiwa na 24. Kila mmoja wenu ametaja mambo yaliyompata kati ya utoto wa shule na ujana wake. Hakuna aliyetaja hata moja nje ya hapo.

Wanasaikolojia wanaijua sana tabia hii. Mwombe mtu mzima akusimulie kumbukumbu za maisha yake bila kumwelekeza, utakuta nyingi zinaangukia kati ya umri wa miaka 10 na 30. Wala hatukuhitaji wanasaikolojia kutuambia. Mzee wa miaka 80 akisema "enzi zetu", hana maana ya miaka yote 80. Ana maana ya ule muda mfupi alipoweza kucheza ngoma hadi alfajiri na kesho yake akaenda shambani. Na enzi, kumbuka, ni utawala pia. Mtu huhesabia mabadiliko pale alipokuwa na enzi yake mwenyewe.

Kwa hiyo mama yako ana haki ya kucheka. Lakini asicheke sana. Kwamba kila kizazi hujiona ndicho kilichopitia makubwa, haina maana kwamba vizazi vyote vimepitia sawa. Miaka mingine kweli huwa mizito kuliko mingine. Shida ni kwamba aliye ndani yake mara nyingi anakodolea macho kitu kisichokuwa chenyewe.

Nikupeleke Unguja, katikati ya mwaka 1873. Nimeufundisha mwaka huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na bado haujanichosha.

Tuseme umeketi barazani Mji Mkongwe, kahawa mkononi, pembeni yako mzee wa mji. Unamuuliza: katika hii miaka mitano, umeona jambo gani kubwa? Mzee ana mengi ya kuchagua. Mwishoni mwa 1869 kiliingia kipindupindu, kikaendelea 1870, watu wakazikwa kwa maelfu. Oktoba 1870 akafariki Sayyid Majid, akatawala ndugu yake Barghash, ambaye aliwahi kuhamishiwa Bombay kwa kuutaka ufalme. Kisha, tarehe 15 Aprili 1872, kikapiga kimbunga. Vimbunga kwa kawaida havisogei karibu namna ile na ikweta, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na habari wala maandalizi. Vyombo vilivyotia nanga vikavunjika, vikiwemo vya Sultani mwenyewe. Minazi ikalala. Mikarafuu ya Unguja, iliyokuwa ndiyo mali ya kisiwa, ikang'oka shamba kwa shamba, na mkarafuu ukiupanda leo utangoja miaka sita, saba hivi ndipo uanze kuchuma cha maana. Halafu, tarehe 5 Juni 1873, Barghash akatia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, baada ya Waingereza kumtishia kukizingira kisiwa kwa manowari. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na Krismasi ya mwaka uleule likawekwa hapo jiwe la msingi la kanisa unaloliona mpaka leo.

Mzee atakujibu nini? Mimi naamini atasema kimbunga. Wazee wetu huhesabu miaka kwa balaa: mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, mwaka wa kimbunga. Mwaka unaopewa jina ni mwaka uliopiga kelele. Sijawahi kukutana na mzee aliyesema alizaliwa mwaka ambao bei ya chumvi ilishuka.

Sasa tazama kilichotokea baadaye. Kimbunga kile hakikuipiga Pemba kama kilivyoipiga Unguja. Karafuu zikaadimika, watu wakapanda Pemba kwa wingi, na baada ya miaka kadhaa Pemba ndiyo ikawa inatoa sehemu kubwa ya karafuu, na hali imebaki hivyo mpaka leo. Ina maana kimbunga hakikuiua biashara, kama walivyolia watu siku ile. Kiliihamisha upande wa pili wa mkondo wa bahari.

Na lile soko? Leo ndilo lililomo vitabuni, na wanafunzi wanakariri tarehe yake. Lakini mtu aliyekuwa mtumwa kwenye shamba la karafuu Pemba mwaka 1875 ungemwambia ameshuhudia badiliko kubwa la karne, angekushangaa. Yeye bado alikuwa mtumwa. Tena kwa sababu mashamba ya Pemba yalikuwa yanapanuka, watu waliendelea kuingizwa kwa magendo usiku kwa majahazi. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria 1897, na hata hapo mtu alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake. Siku ya 1873 ilikuwa kubwa, silipingi hilo, ila ukubwa wake ulichukua kizazi kizima kumfikia aliyehusika.

Kuna jambo moja mzee asingelitaja kabisa. Mwishoni mwa 1872, miezi michache baada ya kimbunga, meli za moshi za kampuni ya British India zilianza kuleta barua Unguja kila mwezi kutoka Aden. Basi, ni hilo tu. Meli imekuja na barua, imeondoka. Hakuna aliyekufa wala aliyetajirika siku hiyo.

Lakini fikiria mji ule ulivyokuwa ukiishi kabla ya hapo. Kila kitu kilining'inia kwenye kaskazi na kusi. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalishuka na kaskazi kuanzia Disemba, yakarudi na kusi kuanzia Aprili. Mji ulijaa na kupungua kama bahari inavyojaa na kupwa. Biashara, madeni, hata kumngoja mume aliyesafiri, vyote vilipimwa kwa msimu, na msimu haukubembelezwa. Ghafla ikaja meli isiyouliza upepo. Ongeza Mfereji wa Suez, uliofunguliwa Novemba 1869 mbali kabisa na macho ya Waunguja, ukaikata safari ya Ulaya kwa majuma mengi. Ongeza waya wa simu za maandishi, yaani telegramu, uliotandazwa chini ya bahari kutoka Aden ukafika Unguja 1879. Katika miaka kumi, kisiwa kilichokuwa mbali kikawa karibu, na kilicho karibu ni rahisi kuamriwa. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa himaya ya Uingereza. Mwaka 1896 jumba la Sultani likapigwa mizinga, na vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia. Sisemi meli ya barua ndiyo iliyoleta yote hayo. Nasema ningepewa nafasi ya kupanga uzito wa mambo ya miaka ile mitano, ningeiweka juu ya kimbunga, na mzee wa barazani angeniona nimechanganyikiwa.

Kabla sijatoka huko: mwaka huohuo wa 1872, upande wa pili wa bara, kwenye bandari ya Ambriz kule Angola, meli kutoka Brazili ilishusha funza. Naam, huyuhuyu wa miguuni. Afrika haikuwa naye kabla. Akatembea na misafara, mguu kwa mguu, na katika miaka ya 1890 akawa amefika pwani yetu, akiacha njiani watu wasioweza kwenda shamba. Mzee wetu angewezaje kumweka kwenye orodha? Badiliko lilikuwa limeshaanza safari, ila lilikuwa bado liko Angola.

Usidhani ni wazee wa kale tu wanaokosea. Kuna utafiti uliochapishwa 2019 ninaoupenda kwa sababu uliwashika watu ambao kazi yao hasa ni kujua lipi zito lipi jepesi. Watafiti walichukua simu za maandishi za mabalozi na maofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani za kuanzia 1973 hadi 1979, karibu milioni 2. Wakaangalia zipi zilionekana nzito siku ileile zilipotumwa, kisha wakalinganisha na zile ambazo wanahistoria, miongo kadhaa baadaye, waliziona zinastahili kuingia kwenye vitabu rasmi vya kumbukumbu. Uhusiano ulikuwepo, lakini hafifu mno. Mengi yaliyopigiwa mbio siku ile yaliyeyuka, na baadhi ya yaliyopita kimyakimya ndiyo yaliyokuja kuonekana yana uzito. Na wale ni watu waliokuwa na siri za dunia mezani.

Tusiwacheke, maana kasoro haiko kwenye akili yao. Uzito wa jambo hautimii siku linapotokea, unatimizwa na yanayofuata. Mwanafalsafa mmoja Mmarekani, Arthur Danto, alitoa mfano kwamba mwaka 1618 hakuna mtu Ulaya aliyeweza kusema "leo Vita vya Miaka Thelathini vimeanza". Sisi tuna wa kwetu ulio rahisi zaidi. Babu zetu waliobebeshwa mizigo ya majeshi kati ya 1914 na 1918 hawakuwahi kuambiwa kwamba wamo kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Hiyo "ya Kwanza" ilingoja mpaka ije ya pili. Nao wenyewe, waliokufa kwa maelfu kwa njaa na kuhara porini, wamebaki kwenye jina la Kariakoo, ambalo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi chao cha wapagazi. Leo ukisema unakwenda Kariakoo, unakwenda kununua viatu.

Nami nina aibu yangu, ngoja niitoe. Nina daftari nililokuwa nikiandika miaka ya 90, nikijiona naandika historia. Juzi nimelifungua. Mwaka 1997 peke yake una kurasa nyingi kuhusu mvua za El Niño na kurasa nyingine mbili nzima kuhusu nani kapewa wizara na nani kanyang'anywa. Nimesoma majina yale, mengine nimeyasahau kabisa. Kuna mstari mmoja kuhusu simu ya mkononi, niliyoiona hapohapo Kariakoo kwa mfanyabiashara mmoja, nene kama tofali la kuchoma. Nimeandika: "Kitu cha kujionyesha. Hakitavuka Morogoro." Msomi huyo! Leo wewe unakula kwa kitu hicho huko Ifakara.

Na kuna jambo la 1997 ambalo daftari langu halina hata neno moja juu yake, nalo lilikuwa linatokea mlangoni kwenu. Nitalirudia.

Ukinibana nikupe kipimo, ninacho kimoja nilichokijenga kwa makosa kama hayo. Siulizi kipya kilichoingia ni kipi. Nauliza kilichotoka. Katika siku ya mtu wa kawaida asiye na kitu, kazi gani imetoweka? Hofu gani imetoweka? Kipya kina wapiga debe wake, tena wengine wanalipwa. Angalia hata majina: simu imeitwa "janja" kabla hujaiona ujanja wake. Jina la badiliko likitoka kwa muuzaji, mimi hupunguza nusu ya bei papo hapo. Kilichotoka hakina mpiga debe. Kinaondoka kama mgeni anayetoka kwa mlango wa uani, na baada ya muda hakuna anayekumbuka alikuwa analala chumba gani.

Lugha nayo inasaidia kuficha. Kwa bibi yangu mtungi ulikuwa wa udongo, umekaa pembeni kwenye mchanga uliolowa, umefunikwa kawa, na juu yake kata ya kifuu. Kuujaza ilikuwa kazi ya asubuhi nzima, na kuuvunja ilikuwa kesi. Leo nikimwambia mjukuu wangu "angalia mtungi", anakwenda kutingisha wa gesi. Neno lilelile, na maisha mawili yasiyojuana. Maji yenyewe yamehamia kwenye dumu la njano lililokuwa na mafuta ya kula, na sijaona mahali lilipoandikwa jina la aliyeanza kulitumia hivyo, ingawa limewapunguzia kina mama kazi kuliko hotuba nyingi nilizozisikiliza juani. Tazama na garimoshi. Tangu 2024 treni ya umeme inakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma bila kutoa moshi hata wa sigara, na watu bado wanaliita garimoshi. Mambo yakibadilika huku majina yamekaa palepale, jicho linasinzia.

Haya, tuweke hoja zenu kwenye kipimo hicho.

Baba yako anakosea kusema mmebadilishiwa vifaa tu. Mwulize walikuwa wakitumaje pesa nyumbani alipokuwa kijana. Utasikia habari za bahasha kumkabidhi kondakta wa basi, na dua juu yake. Mwulize walipataje habari za msiba. Watu walikaa na redio wakisikiliza matangazo ya vifo, moyo juu, wasije wakasikia jina la ukoo wao, na wengi walifika kaburi limeshaota majani. Hofu ile ya kukaa miezi bila kujua kama mama yu hai imetoka. Wewe hukuwahi kuwa nayo, ndiyo maana hata kwenye hoja zako hukuitaja, umetaja simu tu. Unalipigania badiliko lako kwa silaha butu.

Lakini nawe unamkosea baba yako. Vijiji vile, kwa mfano. Tangu amri ilipotolewa mwishoni mwa 1973 mpaka 1976, mamilioni ya watu walihamishwa kutoka kwenye makazi yao ya kutawanyika wakapangwa kwa mistari, wengine kwa hiari, wengine nyumba zikibomolewa nyuma yao. Wewe unapita kwenye vijiji unavyoviona vya asili tangu Nuhu, na kumbe vingi vina umri mdogo kuliko baba yako. Shule ilipo, kisima kilipo, makaburi ya wazee yalipobaki kule kwenye mahame, vyote ni kazi ya miaka ile mitatu. Badiliko likifanikiwa kukaa, anayezaliwa juu yake hudhani ni ardhi.

Reli nayo usiidharau kwa kuwa siku hizi treni inachelewa. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, zikapita hapo Ifakara penu. Bonde la Kilombero lilipata watu na masoko lisiyokuwa nayo. Kuhusu vita sisemi sana. Waliopigana wanajua, na uchumi uliofuata tuliujua sote kwenye foleni za sukari na sabuni.

Akili mnemba nitaigusa kidogo. Umeiweka kwenye orodha pamoja na pesa za simu kana kwamba zote mbili zimeshafika. Pesa za simu zimefika, tunaweza kuhesabu zilichoondoa. Hii nyingine bado iko njiani. Inaweza kuwa meli ya barua, inaweza kuwa kimbunga, inaweza kuwa funza. Watu wawili wanaobishana kuhusu ukubwa wake leo wako sawa na wale maofisa wa 1973. Ukitaka, fanya nilivyofanya mimi. Andika kwenye daftari unavyodhani itafanya, weka tarehe, funga. Mwaka 2050 utapata kicheko cha bure.

Jihadhari pia na mtego mwingine, ambao huu ni wa vijana zaidi. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa watu zaidi ya 19,000 wa rika mbalimbali. Walipoulizwa wamebadilika kiasi gani kwa miaka kumi iliyopita, wakasema sana. Walipoulizwa watabadilika kiasi gani kwa kumi ijayo, wakasema kidogo. Kila rika lilijiona limeshafika mwisho wa safari. Wazee wao mtego wao ni "dunia imeharibika". Utafiti wa 2023 ulikusanya kura za maoni za nchi 60, ukakuta karibu kila mahali watu wanaamini maadili yanashuka, ilhali ukiwauliza majirani zao wanawatendeaje, majibu hayabadiliki mwaka hadi mwaka. Baba yako akianza "vijana wa siku hizi", mnywee chai tu.

Sasa lile la 1997.

Mwaka huo, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, watafiti wa hapo Ifakara na wenzao walianza mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa kwa bei nafuu. Vilikuwa na chapa ya Zuia Mbu. Mama yako huenda anaikumbuka. Wakafuatilia watoto, na matokeo yakachapishwa 2001: uhai wa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne waliolala ndani ya vyandarua vile ulikuwa bora kwa asilimia 27. Mwaka 2004 nchi ikaanzisha Hati Punguzo, mama mjamzito akawa anapewa kliniki karatasi ya kumpunguzia bei ya chandarua. Ikaja dawa mseto, zikaongezeka chanjo. Utafiti wa kitaifa wa 1999 ulikuta watoto 147 katika kila 1,000 wanafariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ulikuta 43. Lilete darasani: katika kila watoto 40 waliozaliwa, sita hawakufika kwenye dawati. Sasa hawatimii wawili.

Hakuna sikukuu yake. Hakuna mnara. Hakuna mwaka unaoitwa mwaka wa chandarua. Mimi mwenye daftari nilikuwa bize na mawaziri. Na wewe uliyezaliwa 1998 kwenye wilaya ileile, unabishana kila jioni kuhusu badiliko kubwa la zama, halafu unaingia kulala ndani yake, unachomeka pindo chini ya godoro.

Leo jioni mwombe baba yako akuonyeshe mkono wake. Watu wa umri wake wengi wana kovu la chanjo ya ndui. Wewe huna, hata kama una lile la chanjo ya kifua kikuu, kwa sababu mtu wa mwisho kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merka, Somalia, Oktoba 1977, naye akapona. Miaka mitatu baadaye dunia ikatangaziwa kwamba ugonjwa umekwisha, na chanjo ikaachwa. Baba yako alikuwa na miaka 16 ugonjwa ule ulipotoka duniani, katikati kabisa ya enzi zake, na hakuutaja kwenye orodha.

Kisha zungumza na mama yako, mkiwa wawili tu, na kwa upole. Mwulize bibi yake yule aliyekuwa akisema hivyohivyo alikuwa na watoto wangapi. Bibi yangu mimi akiulizwa hivyo, alijibu huku akipepeta mchele, bila kuinua macho: "Nimezaa tisa, ninao watano." Ndivyo wanawake wa rika lake walivyojibu, namba mbili, ya kwanza na ya pili, wala msikilizaji hakuuliza zaidi. Siku hizi nikiwauliza wanafunzi wangu wa zamani, wengi sasa mama wa watu, wananitajia namba moja.